Rangi ya Maji ya Kuku

Msimu wa kupanda mtama, watu wa Ayivu hufungia kuku, maana kuku anayefukua mbegu za jirani huleta ugomvi. Kila asubuhi Driwaru aliwatupia kuku wa bibi yake maganda makavu ya muhogo, akafagia banda, akaenda shule. Jioni alitakiwa kuosha chombo chao, kujaza maji mapya na kutia kijiko kimoja cha unga wa vitamini ulionunuliwa mjini Koboko.

"Umetia?" Bibi aliuliza kila jioni.

"Nimetia, Bibi."

Mwezi ukapita. Vilemba vyekundu vya kuku vikawa vyeupe kama muhogo uliomenywa. Kuku wanne wakafa. Bibi alikasirika. Alisema Siraji, muuza dawa za mifugo, amemuuzia unga wa bandia. Akamtia tetea mgonjwa kikapuni, akamshika Driwaru mkono, wakapanda gari la Koboko. Njiani Driwaru alitaka kusema, lakini kila alipomtazama Bibi usoni, aliogopa.

Dukani Bibi hakusalimia. Alimwita Siraji mwizi mbele ya wanunuzi, na mama mmoja akairudisha pakiti aliyokwisha kuishika.

Siraji alimkagua yule tetea. "Mama, hii kuku haina damu. Nani anatia dawa?"

Bibi akamsukuma Driwaru mbele.

"Binti, ukitia, maji yanakuwa rangi gani?"

Driwaru alifikiri. "Yanabaki vilevile."

Siraji alifungua pakiti, akakoroga kijiko kimoja kikombeni. Maji yakawa ya manjano kama kiini cha yai.

"Nilikuwa nakwenda kucheza," Driwaru akasema, machozi yakimtoka. "Sikutia hata siku moja."

Siraji, hasira haijamwisha, alieleza kwamba chembe za damu hutengenezwa ndani ya mifupa, na bila vitamini hazikomai. Kuku anayetembea hula majani na wadudu. Aliyefungiwa na maganda matupu, vitamini atazipata wapi?

Bibi alimwomba radhi kwa sauti kubwa ileile aliyomtukania, ili kila aliyesikia lile asikie na hili.

Kwa wiki tatu Driwaru alitia unga na kuchuma mchicha wa kuku, Bibi akisimama nyuma yake kimya. Vilemba vilipoanza kuwa vyekundu tena, ndipo Bibi alipozungumza.

"Wale wanne hawarudi," alisema. "Uvivu wako uliwaua. Lakini uongo wako, Driwaru, ulinifanya nimwite mtu mwema mwizi. Kuku nitafuga wengine. Jina la mtu tungelinunua wapi?"