Neno Lililomtenga Arafa

Asubuhi pale Kiegeani, Mafia, ukitaka habari nenda kwa Specioza. Maandazi yake ya moto, habari zake za moto zaidi. Nyumba haikosi watu.

Siku moja alimwona Arafa, mkulima wa mwani, akipanda boti ya doria ya Hifadhi ya Bahari. Kesho yake mume wa Mize, mkulima mwenzake wa mwani, akakamatwa kokoro lake, wavu uliopigwa marufuku. Specioza akageuza andazi, akawaambia wateja:

"Jamani, mie simo. Ila Arafa na wale wa boti wana lao gani?"

Wateja wakatazamana. Kufikia jioni, kijiji kizima kilikuwa kinasema Arafa ni mpelelezi wa Hifadhi.

Wanawake wa mwani huvuna kwa kikoa. Leo wote wanakwenda shamba la huyu, kesho la yule. Zamu ya Arafa ilipofika, hakutokea mtu. Ilikuwa bamvua, zile siku chache ambazo maji hupwa mbali sana. Bamvua ikipita, mwani uliokomaa hukatika kwenye kamba, ukaenda na maji. Arafa alivuna peke yake, huku analia.

Brightness, jirani anayefundisha watoto kanisani, akaja kwa Specioza, mama yake Blessing.

"Mama Blessing, unajua Arafa alikuwa anakwenda wapi?"

"Nitajuaje?"

"Kisiwani Bwejuu. Mama yake alizidiwa. Wale wa boti walimpa lifti tu."

Specioza akaacha mwiko. "Lakini sikusema ni mpelelezi! Niliuliza tu."

"Uliuliza swali lenye jibu ndani. Biblia inasema moto hufa kwa kukosa kuni, na bila mchongezi ugomvi hukoma. Kuni ulileta wewe, shoga yangu."

"Basi nikamwombe radhi kwake, kimya kimya."

"Nenda. Lakini ulimchafua mbele za watu, kamsafishe mbele za watu. Na siku nyingine, una jambo na mtu, mwendee mwenyewe. Yesu alifundisha hivyo."

Specioza akaenda kwa Arafa, akaomba radhi. Kesho yake hakukaanga maandazi. Alishuka ufukweni, akasimama mbele ya wanawake wote wa mwani, Arafa akiwemo.

"Jamani, ya Arafa niliyaanzisha mimi. Sikujua kitu! Alikwenda kumuuguza mama yake."

Mize akainamisha kichwa.

"Mume wangu alivuta kokoro mchana kweupe, boti inamwona. Mie nilitaka tu wa kumlaumu. Nisamehe, Arafa."

Arafa akafuta macho. "Nimewasameheni. Lakini mwani wangu je?"

"Haya, tunangoja nini?" Mize akajifunga kanga. "Maji yanarudi!"

Wakaingia baharini wote. Specioza akateleza, akakaa majini juu ya mwani. Mize akamtania:

"Mama Blessing, huo mwani, si unga wa maandazi!"

Vicheko vikasikika hadi barabarani. Maji yalipojaa, kamba za Arafa zilikuwa tupu, na chanja zake za kuanikia zimejaa mwani.

Siku hizi nyumba ya Specioza imejaa kuliko zamani. Juzi mteja mmoja alianza, "Mmesikia ya Furaha?"

"Furaha mwenyewe yupo hapa?" Specioza akauliza.

"Hayupo."

"Basi kula andazi, atakuja kutuambia."

Arafa, aliyeketi karibu kabisa na jiko, alicheka kuliko wote.