Fyuzi Tatu Kabla ya Saa Nne

Watu wengine hunywa chai wakiwa wamekaa. Chapuchapu alikunywa akitembea. Alizunguka ua na kikombe mkononi, nusu ya chai ikimwagika, huku akiuliza, "Tayari? Bado tu?"

"Baba watoto, hebu tulia. Unanichanganya hesabu," mkewe alijibu kutoka ndani.

Mkewe alikuwa mbele ya mashine ya kutotolea. Alikuwa akiwatoa vifaranga wa siku moja na kuwaweka kwenye maboksi yenye matundu. Walikuwa mia moja na ishirini. Chumba kizima kililia chii, chii, chii.

Vifaranga hao walikuwa wa kikundi cha wafugaji, ng'ambo ya mlima. Safari iliyopita pikipiki ilizimika njiani na jua likawakuta. Vifaranga kumi na mmoja walikufa. Mwenyekiti wa kikundi hakugomba. Alisema tu, "Mkichelewa tena, tutatafuta wengine." Tangu siku hiyo mkewe hakuwa na raha.

"Uwafikishe kabla ya saa nne," alisema. "Baada ya hapo jua halina huruma."

"Mimi? Saa tatu niko huko!"

Chapuchapu aliyafunga maboksi nyuma ya kiti kwa waya mwembamba wa chuma. Waya huo aliutumia kufungia kila kitu: maboksi, mlango wa banda, hata miwani ya mama mkwe wake. Akawasha pikipiki na kukata kushoto getini.

Pikipiki ikazimika. Taa, honi na injini, vyote kimya.

Alifungua kifuniko cha pembeni, akachomoa fyuzi. Ilikuwa imeungua. Akaweka mpya, akakata kushoto. Ikaungua. Akaweka nyingine, ya mwisho. Nayo ikaungua.

"Fyuzi za siku hizi ni takataka!" alifoka.

"Muulize Mama Redio hapo kwenye kona," mkewe alisema. "Yule anajua mambo ya umeme."

"Anajua redio. Hii ni pikipiki."

Macho yake yalikuwa yameshaona pakiti ya sigara iliyotupwa barabarani. Akatoa ile karatasi yake ya kung'aa, akaizungushia fyuzi iliyoungua, akairudisha mahali pake. Akawasha. Pikipiki ikanguruma.

"Umeona? Fundi ni mimi!"

Mkewe hakucheka. Aliyatazama maboksi mpaka yakapotea machoni.

Kwenye kona, mbele ya karakana ya Mama Redio, Chapuchapu alikata kushoto. Harufu ya plastiki inayoungua ikampiga puani. Moshi ukatoka nyuma ya taa ya mbele. Alizima swichi haraka, lakini moshi ukazidi. Tenki la petroli lilikuwa katikati ya mapaja yake, na nyuma yake roho mia moja na ishirini zikilia.

"Shuka! Toa maboksi!" Mama Redio alitoka mbio, spana mkononi.

Chapuchapu alikata waya uliofunga maboksi na kuyavuta chini. Mama Redio alifungua kifuniko, akalegeza waya wa upande wa hasi wa betri na kuuchomoa. Moshi ukapungua, kisha ukaisha.

Akaichomoa fyuzi na kuiona ile karatasi. Akamtazama Chapuchapu, akaitazama tena.

"Mwanangu, hiki ni nini?"

"Fyuzi zilikuwa zinaungua ovyo, mama."

"Fyuzi haiungui ovyo. Inaungua ili nyaya zisiungue. Ni mlinzi. Mlinzi amekupigia kelele mara tatu kwamba kuna hatari. Wewe ukafanya nini? Ukamziba mdomo!"

Chapuchapu aliinamisha kichwa. Aliona aibu, lakini miguu yake haikutulia. "Mama, nakuomba, tengeneza haraka. Saa mbili na nusu hii!"

"Maboksi yaingize ndani, kwenye kivuli. Halafu njoo ukae. Utatengeneza mwenyewe."

"Mimi?"

"Si ndiye fundi? Niambie, inazimika lini?"

"Kila wakati!"

"Kila wakati si jibu. Fikiri."

Kufikiri akiwa amekaa ilikuwa kazi ngumu. Chii, chii, chii, vifaranga walilia. Chapuchapu alijikuna, akasimama, akakaa tena. Kisha akasema polepole, "Getini. Na hapa. Nikikata kushoto."

"Basi tatizo liko panapogeuka usukani. Fungua hiyo taa ya mbele."

Akaifungua kwa bisibisi. Fungu la nyaya lilikuwa limebanwa kwenye shingo ya usukani kwa waya mwembamba wa chuma. Chapuchapu aliujua waya ule. Aliufunga kwa mkono wake mwezi uliopita, alipoweka honi mpya. Kila usukani ulipogeuka, chuma kilikula plastiki kidogo kidogo. Sasa shaba ilikuwa wazi, nyeusi kwa moto, ikigusa chuma cha pikipiki.

"Lo! Ni mimi," alisema.

"Ni wewe," Mama Redio alikubali. "Na waya huu ulioungua ndio unaotoka moja kwa moja kwenye betri. Ndiyo maana swichi haikusaidia. Kata palipoungua."

Alikata. Alitafuta waya mwingine wenye unene uleule, akaunga pande zote mbili. Mama Redio alilehemu viungo, Chapuchapu akavifunika kwa tepu ya umeme. Nyaya nyingine alizikagua moja moja kwa vidole. Mwisho akalifunga fungu lote kwa kamba ya plastiki.

"Usikaze sana. Acha nafasi usukani ugeuke," Mama Redio alisema. "Na fyuzi ya zamani imeandikwa ngapi?"

"Kumi."

"Basi chukua hapa ya kumi, si ishirini. Ya ishirini itachelewa kukatika na waya utaungua kwanza. Sasa rudisha waya wa betri."

Chapuchapu aliwasha. Aligeuza usukani kushoto mpaka mwisho, akaitazama taa. Haikuzimika. Akageuza kulia. Taa ikabaki inawaka. Akayafunga maboksi upya, safari hii kwa kamba, akaondoka.

Alifika ng'ambo ya mlima saa nne kasoro dakika tano. Mwenyekiti alifungua maboksi na kuhesabu. Kifaranga mmoja alikuwa amelala kimya pembeni. Mwenyekiti alimchovya mdomo kwenye maji. Kifaranga akatikisa kichwa, akasimama.

"Mia moja na ishirini," mwenyekiti alisema. "Wiki ijayo tuletee mia mbili."

Wiki iliyofuata mkewe alisimama tena mlangoni, boksi mkononi. Chapuchapu alikuwa ameshapanda pikipiki. Kwenye kisanduku cha vifaa kulikuwa na fyuzi tatu mpya za kumi.

"Lete, lete! Jua hilo!"

"Umepima usukani kushoto?"

"Nimepima."

"Na kulia?"

Chapuchapu aliutazama uso wa mkewe, kisha boksi lililokuwa likilia mikononi mwake. Akageuza usukani kulia mpaka mwisho, akaitazama taa, akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi.

"Sasa lete," alisema.