Chapati na Bikari

Siku waliyokutana Soko Kuu la Morogoro, Twalibu alitoa bikari mfukoni akaipima chapati kabla ya kuila.

"Dada, upande huu imezidi milimita tatu."

"Kaka, unakula au unakagua?" Maimuna alimjibu, mikono imejaa unga, kanga imemkaa kiunoni utadhani imeshonwa.

Twalibu, mwalimu wa hisabati, akasema duara kamili halipo duniani, lipo kichwani tu. Wakacheka, wakapeana namba, wakapendana. Lakini neno lile lilimkaa Maimuna rohoni: na mwanamke kamili je, yuko kichwani mwake? Mwenye wivu haachi swali bila jibu, tena lililo baya.

Jibu lake likawa Winfrida, fundi wa kukereza vyuma kule Msamvu, mwenye suruali ya kazi na hereni zinazometameta. Jumamosi Maimuna alimpelekea Twalibu chapati karakanani kwa Winfrida, alikosema ana shughuli, akamkuta Winfrida kavaa pete, Twalibu kainamia kidole chake. Akageuza njia. Chapati akawagawia wapiga debe.

Simu iliita mara sita. Ya saba akapokea.

"Mpenzi, kulikoni?"

"Usiniite mpenzi. Umempata asiye na kasoro, kampime."

"Nakuja."

"Njoo. Nimekuwekea jagi la maji, nikumwagie."

Twalibu akaja hadi kwake Mji Mpya, mvua ya Uluguru imemlowesha tayari. Jagi lilikuwa mezani kweli. Akaiweka pete kando yake.

"Winfrida kaikereza, ikatoka duara safi. Nikamwambia aibonyeze, halafu akaijaribu. Haimkai."

"Aibonyeze kwa nini?"

"Juzi nilikuomba donge la unga ulilotoboa kwa kidole, kuona kama limelainika. Nikaliacha likauke. Likasinyaa, nikapiga hesabu." Akaisogeza pete kwake. "Kidole chako si duara, Maimuna. Kimevimba fundo kwa kusukuma chapati. Nami nakitaka hicho hicho."

Maimuna aliivaa. Ikapita fundo, ikatulia. Machozi yakamlenga, akakasirika zaidi. Kisha akaivua.

"Winfrida katangulia kuivaa," alisema. "Ioshe kwanza, ndipo uniombe vizuri."

Twalibu akaiosha kwa maji ya lile jagi, taratibu, pande zote. Alipoinua macho, kidole kilikuwa kimeshanyooshwa.