Una na Simba Wake

Alhamisi, saa 10:00 alasiri. Chumba cha nyuma cha gereji, Darsait.

Hatem alitandaza picha tatu za sarafu za fedha kwenye meza yenye grisi.

"Mnaona nini?"

"Mwanamke na simba," alisema Aflah, dereva.

"Ndo maana wewe dereva. Huyu anaitwa Una, wa utenzi wa zamani wa Kiingereza. Wamempa sura ya Malkia Victoria, anamwongoza simba. Simba ndo Uingereza. Hii nnaitaka." Akasukuma ya pili. "Britannia. Chapeo, ngao, mkuki wa meno matatu. Ati bahari zote zake. Bahari zimewaponyoka, wamebaki kuzichora." Ya tatu, ya mwaka 1935, aliicheka kwa dharau. "Mtakatifu Joji anaua joka. Mtazame farasi! Wa bembea."

Namutebi alikuwa wima mlangoni. Hakupewa kiti. Ndiye mtumishi aliyefuta vumbi kabati la sarafu hizo kila siku, nyumbani kwa Mzee Thabit, Qurum.

"Na pasipoti yangu?"

"Si wasema imo droo ya kabati hilohilo? Utapewa. Kesho wakienda kuswali, wewe fungua mlango. Kufikiri niachie mimi."

Ijumaa, saa 6:20 mchana. Qurum.

Nyumba tupu. Aflah aliacha gari likinguruma nje. Hatem alivunja kufuli la kabati, akavuta droo. Pasipoti ile hapo. Akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Nipe," alisema Namutebi.

"Tukifika Darsait."

"Tulikubaliana hapa."

"Nna kazi nyengine nyumba ya jirani. Nani atanifungulia? Miaka miwili Mzee Thabit kakuwekea, umekufa? Na mimi nitakuwekea."

Akampa mgongo. Jambazi mzima akainamia kioo, akaanza kumsoma Una kama mwanafunzi, sarafu huku na huku viganjani, mikono yote miwili imejaa.

Namutebi aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu ya Hatem, akachomoa pasipoti, akakimbia.

"We!"

Mlango ulibamizwa. Ufunguo ukazunguka mara mbili kwa nje. Madirisha yote yalikuwa na nondo.

Saa 6:31.

"Hatem yuko wapi?" aliuliza Aflah.

"Ndani. Nimemfungia."

Aflah aliitazama nyumba. Miaka sita ya kuitwa dereva. Akatia gia.

"Panda."

Hakumfanyia wema mkubwa. Alimshusha Azaiba, kando ya barabara kuu, juani, akaondoka bila kumuuliza ana nauli au hana. Namutebi alifungua pasipoti, akasoma jina lake lote, herufi kwa herufi. Kisha akaanza kutembea kuelekea uwanja wa ndege.

Saa 6:55.

Mzee Thabit aliingia na wanawe wawili. Hatem alikuwa kakaa sakafuni, vidole vinavuja damu kwa kung'ang'ana na nondo, sarafu ya Una kaibana kiganjani.

Mwana mmoja alitoa simu kuita polisi. Mzee hakupandisha sauti. Alimsogelea mwizi, akatoa kitambaa.

"Sarafu hushikwa ukingoni," alisema. "Ishaingia jasho. Lete hapa, mjinga we."

Hatem akampa.