Anwani Moja, Kompyuta Mbili

Seremala alikuwa na neno lake: viungo vikizidi, kiti hulegea. Kwa hiyo mtandao wa nyumbani ulipoanza kusuasua, alivitazama visanduku viwili vya ukutani, modemu na ruta, akaamua kimoja ni cha ziada. Akaing'oa ruta. Mahali pake akaweka kigawanyo cha waya. Waya mmoja ulikwenda kwa mkewe, mshonaji, na mwingine kwa binti yao.

Tangu hapo nyumba ikakosa amani. Aliyewahi kuwasha kompyuta alipata mtandao. Mwenzake alibaki kumeza mate.

Asubuhi ya usaili wa binti, mama ndiye aliyewahi.

"Mama, zima kidogo. Chuo cha uuguzi kinanipigia sasa hivi."

"Mwanangu, na huyu bibi harusi wa kwenye video nimwache hewani, amevaa gauni ambalo halijaisha?"

"Tulieni, mimi nipo," seremala alisema. Akaisoma anwani ya mtandao, ile safu ya namba, kwenye kompyuta ya mkewe, akaongeza moja kwenye namba ya mwisho, akaiandika kwenye ya binti. Kompyuta haikupata kitu.

Machozi yakamlengalenga binti. Mwaka jana chuo hicho kilimkataa. Seremala aliona aibu, akatoka mbio kwa jirani, fundi wa mitandao ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Waya.

"Shemeji, umefanya nini hapa?" Mama Waya aliuliza alipoingia, kikombe cha chai mkononi.

"Nimepunguza viungo."

Mama Waya alicheka mpaka chai ikamwagika. "Modemu yako ni daraja tu. Inapitisha, haigawi. Kila kompyuta inajiombea anwani kwa kampuni ya mtandao, na kampuni inaipa nyumba hii anwani moja. Wa pili anakosa."

"Ndiyo maana nikaongeza moja."

"Hiyo ni ya mteja mwingine. Kufuatana na yako hakuifanyi iwe yako. Kampuni inakubali ile iliyokupa yenyewe."

"Sasa ruta ina kazi gani?"

"Inapokea ile moja kwa niaba ya nyumba nzima, halafu inawagawia anwani za ndani. Nje mnaonekana mmoja, ndani kila mtu ana yake. Iko wapi?"

Seremala alikohoa. Ruta ilikuwa karakanani, inazuia dirisha lisijifunge.

Mama Waya aliipangusa vumbi. Akazima modemu, ili isahau kompyuta iliyoizoea. Akaunganisha ruta kwenye modemu, na kompyuta zote mbili kwenye ruta. Kisha akawasha.

"Siku nyingine ikisuasua, niite kabla hujashika bisibisi," alisema.

Binti alifunga mlango na kuanza kujibu maswali. Chumba cha pili, mama alimrudia bibi harusi wake. Seremala alisimama katikati, akisikia sauti zote mbili, na moyo wake ukatulia.

Punde mlango ukafunguliwa. "Baba, wamenichukua."

Mama alipiga kigelegele palepale alipoketi. Bibi harusi, aliyekuwa bado hewani, alidhani ni chake, akageuka taratibu ili gauni lionekane vizuri.