Uniti Zisizopungua

Siku ya nne tangu kompyuta iingie nyumbani kwa Januarius, pale Bariadi mjini, uniti za umeme zilikuwa hazijapungua hata moja. Mashine haikuwa imezimwa usiku wala mchana.

"Si nilikwambia, Mama Gloria?" alisema, akiigonga mita ya luku kwa ukucha. "Kuzima na kuwasha ndiko kunakokula umeme."

"Hata jiko linakula mkaa, Baba Gloria," mkewe Anyesi alijibu. "Hili dude linakula nini?"

Januarius alicheka. Aliinunua kompyuta hiyo kwenye mnada wa kampuni binafsi ya pamba iliyofilisika, akaipokea kama wazee wanavyompokea dume jipya zizini: aliinyunyizia maji ya unga wa mtama, akaipa jina la marehemu baba yake, Boniventura, ili itulie na kuleta riziki. Ng'ombe aliyepewa jina la marehemu hauzwi wala hachinjwi.

Gloria, binti yao wa miaka saba, alilala chumba kimoja na mashine. Wiki ya pili mikono yake ikawa baridi kama mtungi. Wiki ya tatu hakuweza kuinua kikombe cha uji. Hospitali hawakuona ugonjwa. Chumba kilinuka nywele zilizoungua, na asubuhi moja Anyesi alipotega sikio mlangoni alisikia feni ya mashine ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, sawasawa na kifua cha mwanawe, hata asijue kipi kinamfuata mwenzake, naye akaingia mbio, akachomoa waya ukutani, akasimama na plagi mkononi, na feni ikaendelea kupanda na kushuka.

Alasiri ile wakamwita Magese, mganga kutoka Zagayu. Alipasua kifaranga kupiga ramli, akakitazama kwa muda mrefu.

"Guku, babu yetu, mfukuze," Januarius alinong'ona. "Ni mzimu wa baba?"

"Jina ni la baba yako, mwanangu. Aliyeitika siye. Jini hufukuzwa alipovamia. Huyu ulimkaribisha kwa unga, ukampa nafasi zizini."

"Basi tuzime."

"Zima tuone."

Januarius akabonyeza kitufe. Feni ikanyamaza, na kifua cha Gloria kikanyamaza nacho, midomo yake ikageuka rangi ya majivu, huku baba yake akibonyeza tena na tena, mpaka feni ilipounguruma na mtoto akavuta pumzi kwa mkoromo.

Magese alikunja ngozi yake ya mbuzi. "Msizime."

"Na ikiendelea kuwaka?" aliuliza Anyesi.

Mzee aliitazama ile mikono midogo juu ya shuka, akatoka.

Anyesi alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya kasha la mashine.

"Nichukue mimi," alinong'ona. "Mimi ni mnene. Mimi nitakutosha."

Feni haikubadili mwendo. Kasha lilikuwa na uvuguvugu chini ya viganja vyake, kama mgongo wa mtoto aliyeshiba akalala.