Masizi Kwenye Komeo

"Kokomo, hapa Bandari. Magimbi yamebaki mangapi?"

"Kapu moja. La sita."

"Lipeleke. Hesabu nyuso. Usiguse kitu mpaka boti zetu zifike."

"Lini?"

"Saa nane mchana."

Bede Nakaru, ambaye redioni aliitwa Kokomo, akazima redio yake ndogo ya Icom, akairudisha chini ya kifuniko cha mashine ya Yamaha. Pembeni yake kulikuwa na bastola, Glock, imefungwa kwa mpira wa tairi. Akafunika. Akageuza boti kuelekea pwani ya Buin, kisiwani Bougainville.

Kwa wiki tano polisi huyu alikuwa Manase, mwendesha boti kutoka visiwa vya ng'ambo, mtu wa kutafuna popoo na kutouliza maswali. Alikuwa akimbebea mizigo mgeni mmoja aitwaye Harkin. Magimbi ya redioni yalikuwa vipande vya bunduki. Mtutu ulivuka ndani ya gunia la mchele. Kitako kilivuka kwenye katoni ya samaki wa kopo. Kila kipande kilitoka kwenye bunduki yake na nchi yake, na kila kimoja peke yake kilikuwa chuma chakavu tu.

Bunduki za vita zilikuwa zimekusanywa na kuharibiwa Bougainville nzima. Kwa hiyo Harkin aliingiza moja, vipande vipande.

Moja ilimtosha.

Jumamosi pande mbili zilizouana zingevunja pinde mbele ya watu na kutafuna popoo pamoja, ili kura ya uhuru ipigwe kwa amani. Mama Filomena Sirua, mpatanishi wao, ndiye angesimama katikati. Risasi moja kifuani mwake, na vita ingerudi. Vita ikirudi, hakuna kura. Bila kura, mikataba ya zamani ya Harkin juu ya mgodi wa shaba wa kisiwa hicho ingebaki palepale.

Bede aliyajua yote hayo. Jambo moja tu hakulijua: ni fundi gani aliyepatikana wa kuoanisha vyuma visivyojuana.

Alilijua alipoingia kwenye banda la kukaushia mbata.

Mzee alikuwa amekaa chini nyuma ya meza fupi, miguu ameinyoosha, tupa mkononi. Kifundoni alikuwa na mnyororo.

Alikuwa baba yake Hilaria. Baba wa mkewe.

Bede akashusha macho.

Katika milima yao mkwe haitwi jina. Hatazamwi usoni, harukwi miguu, hapewi kitu mkononi. Kwa miaka kumi na moja wawili hawa walikuwa wakizungumza kupitia Hilaria, na Hilaria asipokuwepo, kupitia mbwa. "Mbwa," mzee angesema akiwa nje ya nyumba, "mwambie mwenye nyumba paa linavuja." Na Bede angejibu kutoka ndani, "Mbwa, mwambie mzee nimesikia." Siku tatu zilizopita Hilaria alikuwa amepeleka ujumbe kwamba baba yake hajarudi kutoka shambani. Bede alikuwa baharini. Hakuwa na la kufanya.

Sasa alikuwa mbele yake, na bado hakuwa na la kufanya.

Ndani kulikuwa na watu wanne. Mzee. Harkin, amevaa saa kubwa ya Garmin, anaitazama kila mara. Mlinzi mmoja mwenye panga mlangoni. Na Ignas Pirosi, mpiganaji wa zamani wa msituni, mwenye bastola kiunoni. Yeye ndiye angepiga ile risasi ya Jumamosi.

"Manase!" Ignas alicheka. "Umechelewa, jamaa yangu. Ulisimama kumsalimia papa?"

"Bahari mbaya, kaka."

"Bahari mbaya, au mke wa mtu?"

Bede akazunguka meza yote kwa nyuma, akaweka sanduku chini, karibu na mzee lakini si mkononi mwake.

Ignas aliacha kucheka kidogo. Bede hakuona.

Ndani ya sanduku kulikuwa na komeo, kile chuma kinachoifunga risasi nyuma ya mtutu. Mzee akaligeuza kwenye mwanga.

"Hili na mtutu huu hawajazaliwa nyumba moja," alisema.

"Waozeshe," Harkin alisema.

"Ndoa hii ina matatizo mengi, bwana. Tazama. Pini ya mbele inaingia, ya nyuma haiingii. Magazini inashika, ukiitikisa inadondoka. Komeo linafika nusu ya njia, linakwama."

"Niliambiwa wewe ulitengeneza bunduki kwa bomba la maji na misumari."

"Bomba la maji halijui kwamba ni bunduki. Linatii. Hivi kila kimoja kinajua kwao."

Ignas akacheka kwa sauti. Harkin hakucheka.

"Kuna fundi mwingine ng'ambo," Harkin alisema. "Ukishindwa, vyuma vinarudi kwake. Wewe hurudi popote. Saa tisa tunajaribu."

Mzee akawasha kibatari.

Bede alijua kazi ile kwa kuisikia tu, maana Hilaria alikulia ndani yake. Mzee hupitisha chuma juu ya moshi mpaka kiwe cheusi kwa masizi. Hukiingiza mahali pake. Hukitoa. Pale masizi yalipofutika, ndipo vyuma vinapogusana. Anapiga tupa hapo. Mara moja, mara mbili. Anarudi kwenye moshi.

Tatizo moja baada ya jingine. Hakuwa na haraka. Pini ya nyuma ikaingia. Magazini ikatulia. Komeo likasogea unywele mmoja, likakwama tena.

Saa nane ilifika.

Bede alisema anakwenda kuangalia mashine.

"Bandari, hapa Kokomo. Nyuso nne. Fundi ni mateka. Mko wapi?"

"Mafuta yalichelewa. Saa kumi."

"Saa tisa bunduki itakuwa hai."

"Usiguse. Ukiwaanza peke yako, wataiondoa. Subiri."

"Fundi ni mzee wangu."

Bahari ilipiga ubavu wa boti.

"Pole sana," Bandari ilisema. "Subiri."

Bede alitazama Glock. Ndani kulikuwa na Ignas, mwenye shabaha isiyokosa, na mzee aliyefungwa mnyororo katikati yao. Akachukua bastola akaichomeka mgongoni chini ya shati. Akachomoa kamba nyekundu ya kuwashia mashine, akaitia mfukoni. Hayo tu ndiyo aliyoweza.

Aliporudi, Ignas alikuwa amesimama katikati ya banda.

"Manase, mpe mzee maji."

Bede akachukua kikombe, akakiweka chini karibu naye.

"Mkononi."

"Mikono yake ina masizi, kaka."

"Nimesema mkononi. Na usizunguke. Ruka miguu yake, pita."

Tupa ilikuwa imenyamaza.

"Kuna nini?" Harkin aliuliza.

"Hamna kitu, bosi. Desturi tu." Ignas hakumtazama. Mkono wake ulikuwa kiunoni. "Watu wa ng'ambo huwa wanaruka miguu ya wazee wetu kama mbuzi. Hawana adabu. Huyu ana adabu sana. Unamjua mzee huyu, Manase?"

"Nitamjulia wapi?"

"Basi mwite jina. Bosi amelitaja mara kumi leo. Anaitwa nani?"

Bede akaokota kikombe. Alikuwa amelala chini ya risasi katika maisha yake. Aliwahi kuogelea usiku kucha. Hakuwahi kuhisi ulimi wake ukiwa mzito hivi.

"Anaitwa nani, Manase?"

"Tarisio," Bede alisema.

"Lote."

"Tarisio Komoiki. Shika maji, Tarisio."

Akairuka miguu ya mzee. Akamtia kikombe mkononi.

Mzee akainua uso, akamtazama machoni. Ilikuwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, na hayakuwa na hasira. Alikuwa ameelewa. Mkwe wake asingelitamka jina lile kwa ajili ya mchezo.

"Wewe mlevi wa maji ya chumvi," mzee alimwambia, moja kwa moja, bila mbwa wala Hilaria. "Nani amekufundisha kulitafuna jina langu kama popoo? Toka mbele yangu. Kasimame kule nyuma ya tanuri, ukae hukohuko. Nikimaliza kazi hii sitaki kuona pua yako karibu."

Ignas akapasuka kwa kicheko. Mkono ukatoka kiunoni.

"Haya nenda, Manase! Umetukanwa na bingwa."

Bede akaenda nyuma ya tanuri. Matofali yake yalimfika kifuani.

Saa nane na dakika hamsini mzee alipitisha komeo kwenye moshi mara ya mwisho. Akaliingiza. Likafunga lote kwa mlio laini, kama mlango wa kabati jipya. Harkin alipiga makofi.

Mzee akalitoa tena, akaliinua kwenye mwanga, upande wa tanuri.

Masizi yalikuwa palepale. Hayakufutika hata nukta.

Bede akaelewa. Komeo halikugusa kitu. Lilifungwa, lakini mahali palipopaswa kubana palikuwa na nafasi, na risasi ingekaa humo bila ukuta mgongoni. Ukiifyatua bila risasi ni bunduki nzuri. Ukiifyatua na risasi, moto unarudi nyuma.

Mzee akalifuta komeo kwa kitambaa, akaliweka mahali pake. Akampa Ignas bunduki.

Ignas akaifyatua tupu mara tatu. Akatabasamu. Kisha akamrudishia.

"Mzee, hujasahau sheria ya msituni? Aliyeunda hupiga kwanza."

"Nisahau vipi? Niliitunga mimi."

"Basi piga."

Bede alifungua mdomo.

Akipiga kelele, Ignas angewapiga wote wawili, na vyuma vingerudi ng'ambo kwa fundi mwingine, na Jumamosi Mama Filomena angesimama katikati ya uwanja. Asipopiga kelele, ni mzee peke yake. Hesabu ile ilikuwa rahisi, hata mtoto angeiweza. Na mzee alikuwa ameshaifanya kabla yake, akiwa amekaa pale sakafuni, mnyororo kifundoni.

Bede akaufunga. Akashika Glock mgongoni.

"Sogea karibu, Ignas, uone," mzee alisema. "Macho yangu yamechoka. Nisaidie kulenga."

Ignas akainama begani kwake.

Mpasuko ulikuwa mfupi na mkavu. Vyuma viligonga bati la paa. Moshi ukajaa.

Bede alikuwa ameshatoka nyuma ya tanuri, Glock mbele. Ignas alikuwa magotini, ameshika uso, damu kati ya vidole. Bede akaipiga teke bastola ya Ignas iliyodondoka sakafuni. Mlinzi akatupa panga mwenyewe. Harkin alikimbia botini, akahangaika na mashine. Haikuwaka.

"Bila hii haiwaki," Bede alisema kutoka mlangoni, akimwonyesha kamba nyekundu. "Rudi ndani. Polepole."

Akawalaza watatu kifudifudi.

Mzee alikuwa amelala chali, hatua kumi kutoka hapo. Alikuwa akipumua.

Bede alisimama na bastola. Watu watatu, mtu mmoja. Kamba ya kuwafunga haikuwepo, ila ile nyekundu, nayo ilitosha mikono ya mmoja tu. Akigeuka kwenda kwa mzee, wangeinuka.

"Nenda kwake," Ignas alisema chini, sauti ya vumbi. "Ni mkwe wako, au siyo? Nilijua. Nenda. Sioni, nitakimbilia wapi?"

"Lala."

"Ni mzee wetu sote, bwana. Aliniokoa msituni mara mbili."

"Nimesema lala."

Mzee alipumua kwa dakika ishirini hivi. Kisha pumzi zikawa na nafasi katikati. Bede alizihesabu, mtutu wa bastola haukutikisika. Ilipofika saa tisa na nusu hapakuwa na cha kuhesabu.

Saa kumi boti za polisi zilifika.

"Kazi safi, Kokomo," mkuu wa kikosi alisema. "Bunduki?"

"Haitaoana tena."

Akamkabidhi Glock, akaondoka kwa miguu kwa njia ya bustanini, hakugeuka. Nyuma yake askari mmoja kijana alimnong'oneza mwenzake: "Umemwona yule? Kifua cha barafu."

Hakutaka Hilaria aambiwe kwa simu.

Kwenye kona ya kwanza alikutana na wanawake watano wamebeba magimbi ya sherehe ya Jumamosi. Mmoja, mnene, mwenye kicheko cha kusikika mtoni, alikuwa Mama Filomena Sirua.

"Nakaru! Wewe mume wa Hilaria! Wiki tano hatukuoni, halafu unatokea unanuka moshi kama nguruwe wa karamu. Mikono mitupu! Huna kazi leo?"

"Leo sina, mama."

"Basi utakuwa nayo." Akamtwika kikapu chake begani. "Tangulia. Hapana, nifuate, magoti yangu hayataki kukimbizwa. Jumamosi unakuja?"

"Nakuja."

"Na mkeo. Na mwambie baba yake tunataka wazee safu ya mbele."

Kikapu kilikuwa kizito. Kwa Hilaria palibaki mwendo wa saa moja, na Mama Filomena alitembea taratibu, akisimama kila mahali kupumzisha magoti na kucheka na wenzake.

Bede hakumharakisha.